Kumi na Tatu kwa Nane

Kwa miaka kumi na tisa Marceline alifundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi ya mtaa wa Panda, mjini Likasi, na mpaka leo kuna wanaume wenye ndevu zao ambao wakimwona njiani huficha sigara mgongoni. Alizaliwa hapo hapo, katika nyumba za matofali za kambi ya wafanyakazi, mjukuu wa Mluba wa Kasai aliyeletwa kuchimba shaba akaishia kuzikwa huku huku. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti inayofika nyuma ya darasa bila kupanda. Akikufunza jambo umefunzika, utake usitake.

Kwa hiyo kituo cha afya kilipotafuta watu wa kujitolea wa kuzunguka mitaani kupima presha na kueleza mambo ya moyo, muuguzi Camille hakusumbuka kufikiri. Alikwenda kwake moja kwa moja, akakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, akamweleza. Watu wanaanguka ovyo, alisema. Mtu anaamka mzima, anakunywa chai, anaanguka. Ndugu wanasema ni sumu, wanasema ni mchawi wa upande wa mke, wanagombana mpaka makaburini, kumbe ni presha ya miaka kumi ambayo hakuna aliyeipima. Marceline wakati huo alikuwa na miaka hamsini na moja, kazi ya shule ameiacha, na vidole vilikuwa vikimwasha kwa kukosa chaki. Alikubali kabla Camille hajamaliza soda yake.

Alifunzwa kwa wiki mbili. Alijifunza kumkalisha mtu dakika tano kwanza, miguu chini, mkono juu ya meza, kimya, asiwe amebanwa na mkojo. Alijifunza kumfunga kile kitambaa cha mashine juu ya kiwiko, kwenye ngozi na si juu ya shati. Na alijifunza sheria ambayo Camille aliirudia mpaka ikachosha: namba ni ya mwenye mkono. Ukimpima mtu, mwambie yeye. Si mke wake, si mtoto wake mkubwa, si mjomba, si mchungaji. Yeye.

Anayesikia hivyo kwa mbali anaweza kudhani ni jambo dogo. Huku si dogo hata kidogo. Huku mgonjwa haambiwi. Analetewa uji, anaombewa, anaambiwa leo uso wako umepata nuru, na ugonjwa wake unajulikana na nyumba nzima isipokuwa yeye. Presha ndiyo usiseme kabisa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba inaletwa na mawazo, na mawazo gani makubwa kuliko kuambiwa presha yako imepanda? Umwambie mtu namba mbaya, umempandisha zaidi. Hivyo ndivyo watu wanavyoamini, na wanaamini kwa upendo.

Marceline alikuwa na sababu yake ya kuamini hivyo. Baba yake, mzee Benoît, alikuwa fundi wa mashine. Mwaka wa tisini na mbili, Wakasai walipofukuzwa mkoani kama wageni wakawa wanalala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, mzee alilala pale na watoto sita, kwa majuma, mvua ikiwanyea, na hakufa. Fujo zilipotulia akarudi, akaanza upya na sufuria mbili, hakufa. Kisha siku moja akaenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya kichwa. Daktari kijana akamfunga mkono, akasoma kwa sauti: ishirini na mbili, ile ambayo kwingine husomwa mia mbili na ishirini. Mzee alirudi nyumbani akiitaja ile namba. Aliitaja mezani, aliitaja akivua viatu. Asubuhi mdomo ulikuwa umekwenda upande, na baada ya siku tatu walimzika. Mama yake Marceline alikufa akisema kwamba daktari yule alimwua mume wake kwa mdomo.

Camille alipomaliza kuisikia habari hiyo alitikisa kichwa. "Mama, tension njo ilimuua. Ile namba ilikuya kumuonya, ikakuta amesha kuchelewa." Marceline alielewa. Aliandika kwenye daftari na kupiga mstari chini yake kwa rula, kwa sababu ni mwalimu. Kichwa chake kilielewa vizuri kabisa.

Mtu wa kwanza kumpima nyumbani alikuwa mume wake, Floribert. Ndiye aliyejitolea mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka kuwa wa kwanza katika kila kitu cha kuchekesha. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mrefu, sauti nzito ya kwaya, na mikono ya mtu aliyepasua mawe ya chokaa upande wa Kakontwe kwa muda mrefu hivi kwamba hakuweza tena kufunga kifungo kidogo cha shati. Mke wake alimfungia kila Jumapili. Walikuwa wamekaa pamoja miaka thelathini na moja. Mtoto wao wa kwanza, Elikia, alikuwa ameolewa Kolwezi, na wao wawili walibaki wakiitana kwa jina lake, Papa Elikia na Mama Elikia, na wakipendana kimya kimya kama watu wanaoona aibu.

Alimkalisha dakika tano. Akamfunga. Mashine ikaunguruma, ikavuta pumzi, ikaandika. Ilikuwa ishirini kwa kumi na mbili. Akampima tena. Ishirini kwa kumi na mbili.

"Alors?" Floribert aliuliza, akinyoosha shingo. "Inasema nini, Mama Elikia? Nitafika Noëli?"

Alikuwa akicheka, na meno yake ya mbele yalikuwa yameachana vilevile kama siku aliyokuja kumposa. Marceline alimwona akivua viatu. Alimsikia akitaja namba mezani. Hakuwa amevua viatu wala hakuwa ametaja chochote, lakini Marceline alimwona na kumsikia.

"Treize sur huit," alisema. Kumi na tatu kwa nane.

Ilimtoka laini, kwa sauti yake ile ile ya darasani, na yeye mwenyewe alishangaa ilivyotoka bila kukwama.

"Unaona?" Floribert akajipiga kofi gotini. "Minye ni kijana! Weye njo muzee humu ndani."

Alijiambia ni kwa wiki moja tu, mpaka dawa ianze kufanya kazi, ndipo amweleze polepole. Alipeleka namba ya kweli kituoni, na Camille alipomwuliza kama mzee mwenyewe anajua, akajibu anajua. Na alipotaka kumwona, akajibu kwamba anaamkia mawe na kurudi amechoka, lakini atakuja. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Akapewa vidonge. Kila asubuhi alisaga kimoja kwa mgongo wa kijiko na kukikoroga katika chai ya mume wake. Akaondoa chumvi kwenye sombe, mboga yao ya majani ya muhogo. Samaki wa makayabo, wale waliokaushwa kwa chumvi ambao Floribert aliwapenda kuliko nyama, wakahama nyumba ile.

Mtu anayejua kwamba anaumwa angevumilia. Floribert hakuwa anaumwa, kwa hiyo kwa nini avumilie?

"Mama Elikia, hii chai iko na nini? Iko muchungu."

"Ni majani mupya."

"Na hii sombe? Chumvi ilikufa ku soko?"

Mwezi haukuisha akaacha kunywa chai nyumbani. Alikuwa akitoka na njaa yake, akifika Kakontwe anakunywa chai ya wanawake wanaopika pale kwa wapasua mawe, na mchana anakula bukari yao, ugali mzito, kwa makayabo, mkia na kichwa, chumvi ikimwasha mdomoni. Alirudi ameshiba. Marceline alijaribu kukificha kidonge ndani ya maharage, akajaribu ndani ya uji wa Jumapili. Kuna siku kilimezwa na kuna siku kilimwagwa uani pamoja na chai iliyopoa. Kila Jumamosi alimpima. Ilishuka mpaka kumi na saba, ikapanda kumi na tisa, ikarudi ishirini. Na kila Jumamosi alisema kumi na tatu kwa nane.

Hapa ndipo mtu angependa kumshika Marceline mabega na kumtikisa. Alikuwa na akili, alikuwa na daftari, alikuwa na mstari wa rula. Lakini sasa kusema kweli kulikuwa kusema mambo mawili: kwamba unaumwa, na kwamba mke wako anakudanganya tangu mwezi wa tatu. Kila Jumamosi iliyopita ilifanya inayofuata iwe nzito zaidi. Alilala akiwa ameamua kusema, akaamka akisaga kidonge.

Ubaya ni kwamba Floribert aliipenda namba yake. Aliitangazia kwaya nzima. Kule kwenye mawe aliwauliza vijana, "Weye uko na ngapi? Minye treize sur huit, kila Samedi, bibi yangu njo anapimaka!" Na kwa kuwa mtu wa kumi na tatu kwa nane hana sababu ya kupumzika kivulini, alirudia nyundo kubwa aliyoiacha miaka mitano iliyopita. Akawa anapasua fungu la watu wawili. Jioni alirudi na mishipa ya shingo imesimama, akijisifu, na mke wake akimwekea maji ya kuoga.

Wakati huo huo darasa lake lilikuwa likipendeza, na hilo ndilo linalouma. Kituo kilimpa watu kumi na wawili awafunze: muuza mkaa, mashemasi wawili wa kanisa, wajane, fundi wa baiskeli, na msichana mmoja msusi aliyeitwa Jenny. Walikutana kila Jumatano mchana katika ukumbi wa kanisa. Marceline alileta kifuniko cha soda, akakijaza chumvi, akakiinua juu. "Hii njo ya siku nzima, ya muntu moja. Si ya sufuria, si ya asubuhi. Ya siku nzima!" Watu walicheka, wakashika vichwa. Aliwafunza kutembea nusu saa, kutambua mdomo unaokwenda upande na mkono usioinuka, kukimbiza mgonjwa hospitali badala ya kwenye maombi kwanza. Na aliwafunza ile sheria. Aliifunza vizuri, Mungu amsamehe, aliifunza vizuri kuliko Camille. Aliwasimamisha wawili wawili na kuwalazimisha kuambiana namba mbaya, ana kwa ana, bila kutazama chini. "Namba ni ya nani?" aliuliza. "Ya mwenye mukono!" wakaitikia wote kumi na wawili.

Jenny ndiye aliyekuwa bora. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwenye vidole vyepesi na adabu ya kimyakimya, na alikuwa na mpango wake: kuwapima wateja kabla ya kuwasuka, kwa sababu, alisema, mwanamke anayesukwa anakaa masaa matatu na hawezi kukimbia. Marceline alimpenda kama binti.

Jumatano ya mwisho kabla ya kupewa vyeti, kila mwanafunzi alitakiwa kumpima mtu mzima wa mtaani mbele ya wenzake. Wazee waliitwa kupitia makanisa. Marceline hakumwambia Floribert. Lakini Floribert alipata habari kwenye kwaya, na saa nane mchana mlango ulifunguka akaingia, amevaa shati la Jumapili, kifungo cha juu kimening'inia wazi kwa kuwa hakuna aliyemfungia.

"Nimekuya kusaidia!" alinguruma. "Bapime muntu muzima, baone muntu muzima eko namna gani."

"Papa Elikia, rudia nyumbani," Marceline alisema. "Weye unapimwaka kila Samedi. Uachie bengine."

"Dakika tano tu." Na akaketi kwenye kiti cha Jenny.

Jenny alifanya kila kitu sawasawa. Alisubiri dakika tano. Alikunja mkono wa shati. Alipima, akaandika, akapima tena, akaandika. Na alipoona alichoandika akapima mara ya tatu, kama alivyofunzwa. Kisha akavuta kiti karibu, akamtazama mzee machoni.

"Papa," alisema, "nakuomba usiogope. Tension yako ni vingt et un sur treize. Iko juu sana. Leo hii tutaenda pamoja kumuona Papa Camille."

Ishirini na moja kwa kumi na tatu. Floribert alitazama mashine, akamtazama msichana, kisha kicheko kikamtoka kifuani, kicheko cha mtu anayemwonea mtoto huruma.

"Hapana, mutoto wangu. Bibi yangu ananipimaka. Minye ni treize sur huit. Hii mashine yako inaota." Akageuka kwenye kiti. "Mama Elikia, waambie basi."

Watu kumi na wawili walimgeukia mwalimu wao. Jenny naye aligeuka, kalamu mkononi, akingoja kwa imani kabisa. Na Floribert alikuwa akitabasamu, ila safari hii kwenye kona ya jicho kulikuwa na kitu kidogo, swali dogo, ambalo lingeweza kujibiwa. Marceline alijua kwamba mlango umefunguliwa mbele yake na kwamba hautafunguliwa tena. Angesema tu, ni kweli. Maneno mawili. Alimwona baba yake akivua viatu.

"Mapile imekufa," alisema.

Jenny alifumbua mdomo. Betri zile alizitia yeye mwenyewe asubuhi, mpya, mbele ya mwalimu wake.

"Mapile ikikufa, mashine inasema bintu ya bure," Marceline aliendelea, na sauti yake ilifika mpaka nyuma ya ukumbi. "Mufungue kile kitambaa, Jenny. Mupime muntu mwengine."

Jenny alifunga mdomo. Ni mtoto aliyelelewa, hawezi kumwaibisha mama wa watu mbele ya mume wake. Alifungua kitambaa. Floribert akamgonga begani kwa upole, akamwambia hata minye nikianza kazi nilikuwa nakosea, akatoka akipiga mluzi wa wimbo wa kwaya.

Jumanne iliyofuata alianguka Kakontwe saa nne asubuhi, juu ya lundo lake la mawe, nyundo ikiwa bado mkononi. Wenzake wawili walimleta mjini kwenye pikipiki wakiwa wamembana katikati. Aliishi siku mbili hospitalini. Upande mmoja wa mwili haukuwa wake tena, mdomo ulikuwa umekwenda upande, na jicho moja lilibaki wazi likitazama dari.

Marceline alikaa naye. Mchana wa siku ya pili, wauguzi walipotoka, aliinama mpaka midomo yake ikagusa sikio la mume wake.

"Ilikuwa vingt," alinong'ona. Ishirini. "Papa Elikia, unisikie. Ilikuwa vingt, tangu mwanzo. Minye nilikudanganya."

Jicho halikusogea. Alirudia, kwa sauti zaidi. Akarudia tena, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza uso ukutani. Floribert alikata roho kabla ya jua kuzama, na mke wake hakujua na hatajua kama aliisikia namba yake.

Kwenye kilio, kabla ya maziko, ukoo wa marehemu ulikaa chini kuulizia kifo, kwa kuwa mtu huku hazikwi mpaka ielezwe amekufaje. Aliyesimama ni Osée, kaka mkubwa wa Floribert, mtu mzito, karani mstaafu mwenye kunyoosha maneno. "Ndugu yangu alitoka kwake muzima," alisema. "Tension yake ilikuwa muzuri, bote tunajua, alikuwa anasemaka kila siku. Nani alimufanya nini?"

Ndipo mmoja wa wapasua mawe aliponyanyuka. Akasema wiki iliyopita msichana mmoja msusi alimtajia marehemu namba mbele ya watu. Akasema Jumatatu nzima Floribert alikuwa akiitaja kwa mzaha, vingt et un, vingt et un, kila akiinua nyundo, na wao wakicheka naye.

Marceline aliyasikia hayo akiwa ameketi kwenye mkeka. Kumbe aliitaja. Kumbe alikwenda nayo, akaibeba peke yake, akijaribu kuicheka, na nyumbani hakuuliza.

Jenny alikuwa pale uani, amekuja na wenzake kumi na mmoja kutoa pole, wamevaa kitambaa cha aina moja. Dada wa marehemu alimwendea, akamsimamia usoni. "Ni weye? Mudomo yako njo ilimuua ndugu yetu." Hakuna aliyempiga. Walimtoa tu, kwa mikono mingi, mpaka nje ya ua, na mwavuli wake wakaurusha nyuma yake. Wenzake wa kujitolea walitazama chini. Mmoja mmoja wakasogea mbali.

Ndipo Marceline akasimama. Alikuwa amechelewa, kama alivyochelewa kila mahali, lakini alisimama.

"Mapile ilikuwa mupya," alisema. "Yule mutoto alisoma kweli. Papa Elikia alikuwa na vingt tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa naona kila Samedi, na sikumwambia. Minye njo nilimudanganya mpaka akakufa. Kama munatafuta muntu, ni minye."

Alingoja. Alikuwa tayari kwa lolote: kunyolewa, kufukuzwa, kutemewa mate, na moyoni alilitamani. Lakini ua wote ulishusha pumzi. Dada wa marehemu alianza kulia upya, kilio laini sasa. Osée alimjia, akamshika mikono yote miwili.

"Ulifanya muzuri, shemeki," alisema. "Ulimuchunga ndugu yetu na mawazo. Ile miezi yote alikula na furaha juu yako. Yule mutoto njo aliharibu."

Wakampongeza. Wanawake walimkalisha, wakamfuta uso, wakamletea maji ya sukari. Alipotaka kusema tena, mtu alianzisha wimbo.

Baada ya siku za kilio alikwenda kwa Jenny. Alimkuta anasuka, mteja mmoja aliyebaki kakaa katikati ya magoti yake. Marceline aliomba msamaha akiwa amesimama, mbele ya mteja. Jenny alimaliza kwanza mstari aliokuwa nao.

"Mama, minye siko na hasira," alisema bila kuinua macho. "Nilisoma ile niliona. Weye njo ulinifunza." Akafuta mikono, akaingia ndani, akamrudishia mashine ya kupimia ikiwa imefungwa vizuri kwenye kitenge. "Lakini bantu habakuye tena kusuka kwangu. Banaogopa."

Kati ya wale kumi na wawili walibaki wanne, kisha wawili. Milango ilifungwa walipopita. Watoto walitumwa kusema mama hayupo. Camille, aliyeambiwa yote na Marceline mwenyewe, hakumkemea. Alivua miwani, akasema tu kwamba kituo hakitaendelea na mafunzo kwa sasa.

Lakini kwa Marceline mwenyewe watu walianza kuja. Hilo hakulitegemea. Walikuja barazani kwake kimyakimya, wake wakiwaleta waume zao, na wote walisema jambo moja: tumesikia weye unapimaka bila kuogopesha bantu. Alipowatajia namba zao, walitazamana na hawakurudi.

Wa mwisho alikuwa Osée. Alikuja asubuhi moja ya mwezi wa nane, peke yake, akishika paji la uso, akasema kichwa kinamgonga tangu juzi. Marceline alifurahi kwa mara ya kwanza tangu maziko, furaha ya woga. Alibadilisha betri mbele yake. Akamkalisha dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza. Alipima mara mbili. Mikono ya ndugu wale wawili ilifanana, hata kovu la chanjo ya ndui lilikuwa mahali pamoja.

Akavuta kiti karibu, akamtazama machoni, kama alivyowafunza.

"Shemeki, usiogope. Ni dix-neuf sur onze. Kumi na tisa kwa kumi na moja. Dawa iko. Tutaenda kwa Camille sasa hivi, minye na weye."

Osée alimtazama kama mtu aliyekosewa heshima.

"Minye sikukuya juu ya ile," alisema taratibu. "Uniambie vile ulikuwa unamwambia Floribert."

"Floribert alikufa."

"Alikufa juu ya yule mutoto. Kwako alikuwa anaishi." Alinyoosha mkono tena mezani, kwa unyenyekevu, akangoja. "Uniambie, shemeki. Minye pia ni ndugu yako."

"Dix-neuf sur onze," Marceline alisema.

Kwa vidole vyake vya karani Osée akafungua kitambaa mwenyewe, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya mashine.

"Mapile imekufa," alisema, bila hasira, akashusha mkono wa shati na kusimama.

Marceline alimfuata mpaka njiani. Alimwita akitaja namba yake, kumi na tisa kwa kumi na moja, kwa sauti ile inayofika nyuma ya darasa, mpaka wanawake wa bombani wakageuka na mmoja akamfunika mtoto wake masikio. Osée alikuwa ameshafika kwenye kona ya nyumba za matofali. Aliinua mkono, kama mtu anayeagwa, akaendelea kutembea.